Tupeane uzoefu: Mipangilio ya optimaiza ya PostgreSQL iliyowahi kukuokoa au kukuumbua

Mwanzisha mada

Wakuu, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo ambalo wengi wetu huligusa tukiwa tumeshabanwa: mipangilio ya optimaiza, yaani ile sehemu ya PostgreSQL (mfumo wa kanzidata) inayopokea kweri (ombi la data), ikakadiria gharama ya kila njia ya kuitekeleza, kisha ikachagua inayoonekana nafuu. Kila mmoja aeleze kisa chake mwenyewe, ataje alichobadilisha na alichokiona kwenye EXPLAIN (amri inayoonyesha njia iliyochaguliwa) kabla na baada, kwa sababu ushauri wa "punguza hiki, ongeza kile" usio na ushahidi umeshatupotezea muda mwingi.

Naanza na changu. Nilikuwa nikitunza kanzidata ya ushirika wa akiba na mikopo, yenye jedwali la wanachama la rekodi kama milioni 2, na jedwali la miamala lililolizidi hilo mara nyingi. Ripoti ya wilaya ya Rombo ilichukua dakika 11, ilhali ripoti ya mkoa mzima wa Kilimanjaro, yenye data nyingi zaidi, ilimalizika kwa sekunde 40. Nilihangaika na mipangilio kwa siku mbili. Nilizima enable_nestloop, yaani ruhusa ya kutumia Nested Loop (kuunganisha majedwali kwa kupitia rekodi moja moja), ripoti ikakimbia, nikashangilia. Kesho yake makarani wakaanza kulalamika kwamba kumtafuta mwanachama mmoja, kazi ambayo Nested Loop ndiyo inayoifaa, kumekuwa kuzito kupita kiasi.

Siku ya tatu ndipo nilipoisoma EXPLAIN ANALYZE (EXPLAIN inayoiendesha kweri na kuipima) kwa utulivu, nikitazama namba mbili tu: idadi ya rekodi iliyokadiriwa na idadi iliyopatikana kweli. Optimaiza ilitarajia rekodi 1,000, zikapatikana 20,000. Kweri ilikuwa na masharti mawili, mkoa = 'Kilimanjaro' na wilaya = 'Rombo'. Wanachama wa Kilimanjaro walikuwa takriban 1 kati ya 20, na wa Rombo 1 kati ya 100. PostgreSQL huyachukulia masharti ya namna hiyo kuwa hayahusiani, kwa hiyo ilizidisha ikapata 1 kati ya 2,000. Mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba aliyeko Rombo yuko Kilimanjaro, lakini optimaiza haikupita shule hiyo. Kwa kudhani kwamba rekodi ni chache, iliona si vibaya kuliendea jedwali la miamala mara moja kwa kila mwanachama.

Dawa ilikuwa CREATE STATISTICS ya aina ya dependencies (takwimu za jinsi safu zinavyotegemeana) juu ya safu hizo mbili, ikifuatiwa na ANALYZE, amri inayokusanya takwimu. Makadirio yakasogea karibu na 20,000, optimaiza yenyewe ikahamia Hash Join (kuunganisha majedwali kwa mkupuo), ripoti ikashuka hadi sekunde 6, na enable_nestloop nikairudisha ilivyokuwa. Amri hiyo ipo tangu toleo la 10, nami nilikuwa nikitumia la 13, kwa hiyo sina cha kujitetea.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa mada, mkuu. Changu ni random_page_cost (makadirio ya gharama ya kusoma ukurasa wa diski huku na huko), ambayo husakinishwa ikiwa 4.0 huku seq_page_cost (ya kusoma kwa mfululizo) ikiwa 1.0. Nyaraka za PostgreSQL zinaeleza kwamba thamani hiyo inatokana na dhana ya diski za kuzunguka, ambazo kusoma huku na huko ni polepole mara 40 kuliko kusoma kwa mfululizo, ikitarajiwa kwamba asilimia 90 ya kurasa hizo zitakutwa kwenye kumbukumbu. Sisi tulihamia SSD (diski zisizozunguka) na hakuna aliyekumbuka kuigusa, hivyo kweri ya miamala ya wiki moja ikaendelea kusoma jedwali zima huku indeksi ya tarehe ikiwapo. Nilijaribu 1.1 kwa SET ndani ya muunganisho wangu pekee, nikaona Seq Scan (kusoma jedwali zima) inageuka Index Scan (kusoma kupitia indeksi) na muda unashuka kutoka sekunde 9 hadi chini ya sekunde 1, ndipo nikaiweka kwa seva nzima kwa ALTER SYSTEM na kupakia upya mipangilio bila kuzima seva.

Mchangiaji wa pili

Hiyo 1.1 nakubaliana nayo nusu. Tuliiweka kwenye seva ya kukodi ambayo diski yake inaitwa SSD, lakini iko upande wa pili wa mtandao na ina kikomo cha idadi ya usomaji kwa sekunde. Kweri ndogo zilinufaika. Ripoti ya kufunga mwezi, iliyokuwa ikisoma jedwali kwa mfululizo, ikaanza kurukaruka kwa indeksi hadi tukagonga kikomo na wateja wote wakasubiri. Tulitulia kwenye 2.0 baada ya kupima, na sidai kwamba itamfaa mwingine.

Niongeze kuhusu effective_cache_size, kwa kuwa iliwahi kunigombanisha na mkuu wangu wa kitengo. Seva ilikuwa na RAM ya GB 64, mpangilio huo ukiwa bado kwenye GB 4 za kusakinishwa, naye alikataa kuupandisha akihofia kwamba kumbukumbu italiwa. Mpangilio huo hautengi hata baiti moja. Huiambia optimaiza tu kiasi ambacho inaweza kutarajia kukikuta kwenye kumbukumbu.

Mchangiaji wa tatu

Mwenzenu niliangusha seva mchana kweupe. EXPLAIN ANALYZE ilionyesha "Sort Method: external merge Disk", maana yake upangaji ulikuwa haujatosha kwenye kumbukumbu ukamwagikia diski, nikapandisha work_mem (kikomo cha kumbukumbu ya kazi hizo) kutoka MB 4 hadi MB 256 kwa seva nzima yenye RAM ya GB 16. Nilichosahau ni kwamba kiasi hicho si cha seva, wala si cha muunganisho mmoja, bali ni cha kila hatua ya kupanga au ya hash ndani ya kweri, na kweri moja inaweza kuwa na hatua tatu au nne. Saa tano asubuhi miunganisho ilipofika 80, Linux iliua mchakato mmoja kwa kukosa kumbukumbu, na PostgreSQL, kama ilivyo kawaida yake katika hali hiyo, ikakata miunganisho yote na kuingia kwenye urejeshaji. Siku hizi MB 256 anapewa mtumiaji wa ripoti peke yake kwa ALTER ROLE.

Mchangiaji wa nne

Kwa ufupi: tulihama kwa pg_upgrade (zana ya kuhamia toleo jipya) kutoka 13 kwenda 16 usiku wa Jumamosi, Jumatatu kila kitu kikawa kizito, na kila mtu akaja na mpangilio wake wa kubadilisha. Kabla ya toleo la 18, pg_upgrade haihamishi takwimu za optimaiza, na sisi hatukuendesha vacuumdb --analyze-in-stages, inayozikusanya upya. ANALYZE ya kanzidata nzima ilimaliza mjadala.

Mchangiaji wa tano

Kweri yetu ilikuwa nyepesi nikiiendesha mimi, nzito ikiendeshwa na programu, juu ya seva ileile na data ileile. Nilipoingia kwa jina la mtumiaji wa programu, EXPLAIN ikaonyesha Seq Scan yenye gharama inayoanzia 10000000000.00. Namba hiyo ya kutisha ndiyo adhabu ambayo matoleo ya kabla ya 18 huiongeza juu ya njia iliyozimwa. Nikatazama pg_settings (orodha ya mipangilio inayotumika): enable_seqscan, ruhusa ya Seq Scan, ilikuwa off, na safu ya source ikasema "user". Kumbe mtu fulani aliwahi kuizima kwa ALTER ROLE wakati wa majaribio, kisha akahama kazi. Ukiwa kwenye psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), \drds hukuorodheshea mipangilio yote ya namna hiyo.

Mwanzisha mada

Mkuu wa tano, nimeendesha \drds sasa hivi kwenye seva ya ule ushirika. Mtumiaji wa ripoti bado ana enable_nestloop=off, niliyomwekea kwa mkono wangu siku ile ya pili.