Usiku wa muvi za kutisha kwa keja, nipange aje watu wakae mpaka mwisho?

keja_ya_roysambu

Wasee habari zenu. Halloween ni tarehe 31 Oktoba na mwaka huu imeangukia Jumamosi, kwa hivyo nataka kuita marafiki zangu kwa nyumba tuangalie muvi za kutisha usiku mzima. Tutakuwa watu tisa, nyumba ni wanbedi, gorofa ya tatu.

Naomba ushauri juu mwaka jana nilijaribu ikaharibika na iliniuma sana. Nilianza na The Exorcist, ile ya 1973 ya mtoto aliyeingiwa na shetani, nikidhani tukianza na ile kali zaidi watu watachangamka. Sasa ile muvi ni masaa mawili na inaanza polepole mno, huko Iraq wanachimba chimba, wawili wakalala kabla hata yule mtoto hajaanza kubadilika. Halafu tukifika zile sehemu mbaya rafiki yangu mmoja alitoka nje kwa korido na nilipomfuata nikapata analia. Hakutaka kurudi ndani. Saa 5 usiku karibu kila mtu alikuwa anatafuta teksi na nilikuwa nimepanga muvi tano.

Hawa watu nimesoma nao, nawapenda, na siku hizi kila mtu ana kazi yake hatuonani. Nataka hii ifaulu. Muvi ngapi, na zifuatane aje? Na kuna mmoja ni mtu wa kanisa kabisa, hilo neno Halloween halimkalii vizuri lakini anataka kuja kukaa na sisi. Sitaki ajihisi vibaya.

mazombi_mpaka_asubuhi

Tano ni nyingi, piga hesabu ya dakika kwanza kabla uchague chochote. Mimi ningechukua nne: Train to Busan dakika 118, Get Out 104, Halloween yenyewe ya 1978 dakika 91, na Night of the Living Dead ya 1968 dakika 96. Hiyo ni 409, karibu masaa saba, bado hujaweka mapumziko ya kula na watu kupanga laini ya choo kimoja.

Mpangilio ndio siri. Train to Busan iwe ya kwanza juu ni ya Korea na mtu lazima asome maandishi pale chini, hakuna mtu atasoma saa 8 usiku macho yakiwa mazito. Na inaenda mbio, watu wamefungiwa kwa treni na mazombi yanakuja behewa kwa behewa, yeyote amewahi kukwama kwa mathree imejaa hapo Thika Road ataelewa hiyo hofu bila kuelezewa. Watu wapige kelele pamoja mapema, hapo ndio wanakuwa kitu kimoja.

Ya pili Get Out, ile ya jamaa mweusi anaenda kwa wazazi wa mpenzi wake mzungu. Na tafadhali waambie wanyamaze pale mwanzo jina la muvi likitokea, juu ule wimbo ni wa Kiswahili, unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga. Ni Mmarekani, Michael Abels, aliutunga, na wale wahenga wanamwambia jamaa akimbie. Wazungu wengi waliokuwa kwa ukumbi hawakujua wanaonywa, sisi tunasikia kila neno. Kila nikiisikia nywele zinasimama.

Saa 6 usiku weka Halloween. Damu ni kidogo sana kuliko watu wanavyofikiria, kazi yote inafanywa na kusubiri na ule muziki wa piano ambao John Carpenter alitunga mwenyewe. Ile barakoa ya muuaji ilikuwa sura ya William Shatner wa Star Trek, wakainunua dukani wakaipaka rangi nyeupe juu bajeti ilikuwa ndogo. Malizia na ya 1968, hiyo haina hakimiliki, msambazaji alibadilisha jina akasahau kurudisha ile alama, kwa hivyo unaidownloadi bure na hakuna sheria umevunja.

fundi_wa_spika

Projekta kama ni ya kuazima ijaribu Ijumaa, si Jumamosi watu wakiwa wameshakaa. Kebo ya HDMI angalia ni ndefu ya kutosha, na shuka jeupe ulivute likaze, likiwa na mikunjo sura zote zinakuwa mbaya. Muvi zote ziwe kwa laptopu, usitegemee waifai. Nunua tokeni mapema na laptopu iwe imechajiwa kabisa, stima ikipotea mnamalizia hapo kwa skrini ndogo mkiwa mmebanana na pengine hiyo ndio itakuwa sehemu nzuri zaidi.

Spika usiweke chini kwa sakafu. Besi inaingia kwa slabu na jirani wa gorofa ya pili anaisikia kuliko nyinyi. Weka juu ya mto ama godoro, ongea na yule anasimamia ploti mapema, na baada ya saa 5 punguza.

nyanya_alinisimulia

Naandika kuhusu watu, juu muvi zenu mmeshapata.

Huyo wa kanisa mwambie ukweli mapema, mtaangalia nini na saa ngapi, yeye achague. Mwelezee pia kwamba 31 Oktoba ni mkesha wa Watakatifu Wote, ambayo ni tarehe 1 Novemba, na mambo mengine yalitoka kwa sherehe ya zamani ya Ireland, Samhain, watu wakimaliza mavuno. Si lazima akubali. Anaweza kuja wakati wa chakula na hadithi akaenda kabla ya saa 3 ama akalala chumba kile kingine.

Nimesema hadithi juu nataka mfanye hivi: kati ya muvi na muvi zimeni taa kila mtu asimulie ya kwao. Aliyetoka Murang'a ana irimu, lile zimwi la Wakikuyu, wa Kisii na wa Luo wana wale wakimbiaji wa usiku, na mtu wa Mombasa hakosi yule mwanamke mrembo ambaye ukiangalia chini unaona kwato. Mimi nyanyangu alikuwa anasimulia akipepeta maharagwe na sauti ya ule uteo bado inanitisha leo. Pikeni chai ya tangawizi nyingi, mandazi, njugu, na malenge mkinunua msiyachonge tu mkatupa, yachemsheni yaliwe.

Na yule alilia kwa korido. Umewahi kumuuliza ni nini?

mazombi_mpaka_asubuhi

Hadithi nimeipenda, basi toeni moja kati ya zile nne.

keja_ya_roysambu

Nimerudi. Hilo swali la mwisho lilinikaa siku mbili, jana nikampigia. Sikuwa nimewahi kumuuliza, niliona aibu.

Ameniambia hakuogopa shetani hata kidogo. Ni kile kitanda yule mtoto wa muvi amelazwa, mapadri wakimwombea. Nyanyake alikuwa amefariki mwezi uliopita wakati ule na siku za mwisho alilala hivyo hivyo, watu wa kanisa wamemzunguka wanaomba, huyu rafiki yangu amesimama mlangoni. Mimi nilijua nyanyake amefariki, nilienda mpaka mazishi, na bado nikaiweka hiyo muvi.

Kwa hivyo nimetoa ile ya 1968 juu kuna yule mtoto amelazwa kule chini ya nyumba akiwa mgonjwa. Zinabaki tatu, dakika 313. Tunaanza saa 1 usiku, mapumziko mawili ya dakika 45, tunamaliza kama saa 8 kasoro na wote wanalala hapa, magodoro nimeshaazima mawili. Wa kanisa atakuja na sufuria ya pilau.

Na huyu rafiki yangu amesema atakuja. Ameomba awe wa kwanza kusimulia, ana hadithi moja ya irimu ambayo nyanyake alikuwa anaisema.