Mrejesho: kodi P0420, masega yalikuwa mazima

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri: SUV yangu ndogo inawasha taa ya cheki injini, kodi P0420 (namba ya hitilafu inayosema masega, yaani kisafisha moshi cha ndani ya ekzosi, hayafanyi kazi vizuri), na fundi wa kwanza anataka tung'oe masega tuweke mengine. Mkanizuia, mkasema nianze kukagua sensa ya nyuma (ile ya oksijeni iliyo baada ya masega) na uvujaji wa ekzosi. Asanteni sana, mmeniokolea hela nyingi.

Fundi wa pili alichomeka mashine ya kusoma kodi injini ikiwa imeshapata moto. Sensa ya nyuma, ambayo masega yakiwa mazima hutulia karibu volti 0.6 au 0.7, ilikuwa inaruka kutoka 0.1 hadi 0.8. Moyo ukanidunda. Kesho yake asubuhi, injini ya baridi, tukasikia tk-tk-tk chini. Gasketi ya kabla ya masega imeungua, masizi yamezunguka pale kama kwenye chungu cha kuni. Hewa ya nje ilikuwa inapenya hapo na kuidanganya sensa.

Tumebadilisha gasketi na boliti mbili zilizoliwa na kutu, tukafuta kodi. Nimetembea kilomita 600, mashine inaonyesha kipimo cha masega kimepita, taa haijarudi. Sensa yenyewe hatukuigusa, na sasa imetulia kwenye 0.7.