Figa za 1:12 za mtumba: goti limeganda, nyonga zimelegea, nyeupe imekuwa njano. Nianze na nini?

Kabati_la_Juu
Wakuu habari. Nina figa tatu za mtumba (vinyago vya wahusika vyenye viungo vya kukunjika, vya kipimo cha 1:12, yaani mara 12 vidogo kuliko mtu halisi) za kufanyia mapitio, ila kwanza zisimame.

Ya kwanza, shujaa mwenye joho: goti la kulia limeganda, na joho lenyewe (plastiki laini) linanata mkononi. Ya pili, askari wa anga mwenye vazi jeupe: kifua na kofia vimegeuka njano, mikono na miguu bado myeupe. Ya tatu, roboti: nyonga zimelegea, anaanguka kifudifudi.

Kuna wanaosema mafuta ya cherehani kwa goti na supagluu kwa nyonga. Naomba ushauri kabla sijaharibu.

Fundi Pini
Mafuta ya cherehani weka mbali kabisa. Hutokana na mafuta ghafi, na mafuta ya aina hiyo hutia nyufa ndogondogo kwenye plastiki ngumu kama ABS, na huzioni mpaka siku pini (kijiti kinachoshika kiungo) inapokatika. Ukihitaji mafuta, tumia ya silikoni, tone moja kwa ncha ya tuthipiki.

Goti huganda mara nyingi kwa sababu rangi ya kiwandani imeshikana na pini. Angalia kwanza: goti la mikunjo miwili lina pini mbili, na kwa kawaida iliyoganda ni moja tu. Chemsha maji, epua, subiri dakika mbili tatu. Tumbukiza goti peke yake sekunde 30 hadi 60, uso na nembo zisiguse maji. Kisha shika paja karibu kabisa na goti, na mkono wa pili ushike muundi hapo hapo chini ya goti. Ukishika kwenye kiatu unapata nguvu nyingi kuliko pini inavyoweza kubeba, nayo inajisokota badala ya kuzunguka. Nenda mbele na nyuma kidogo kidogo.

Jicho lisitoke kwenye plastiki inayozunguka pini. Ukiona inapauka na kuwa nyeupe, ACHA. Hapo nyuzi za plastiki zimeanza kuachana. Rudisha kwenye maji ya moto, usiongeze nguvu.

Gololi
Kuhusu nyonga: supagluu hapana. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu na rangi zinazong'aa, na ukisita kukunja kiungo kwa muda mfupi tu inapokauka, umegandisha mguu moja kwa moja. Rangi ya kucha nayo ina kiyeyusho kinachokula ABS.

Tumia vanishi ya akriliki ya maji, ile angavu ya sakafu. Pasha nyonga kwa draya ya nywele, vuta paja litoke kwenye gololi (kichwa cha duara cha kiungo), paka tabaka moja jembamba kwenye gololi tu, liache nje ya tundu saa 24. Rudisha, jaribu. Bado inalegea? Tabaka la pili. Usifike la nne, tundu litapasuka.

Fundi Pini
Nakubali kwa gololi. Ila kwa pini isiyofunguka, huwezi kupaka kitu usichokifikia. Hapo supagluu nyepesi, kitone kimoja, kunja bila kupumzika dakika tatu, ina kazi yake. Si kwa anayeanza.

Gololi
Na yeye ndiye anayeanza, mkuu 😀

Mzee wa Boksi
Joho linanata kwa sababu kilainishi kilichochanganywa na PVC (plastiki ya joho) kinapanda juu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, mswaki laini, kausha, pakaza poda ya watoto kidogo. Kitarudi baada ya muda, hasa kwenye boksi lililofungwa na joto. La muhimu zaidi: usiliache limegusana na mgongo wa figa miezi na miezi, kilainishi hicho hulainisha rangi na kuacha alama.

Njano: sehemu ni plastiki tofauti, ndiyo maana kifua kimebadilika na mikono haikubadilika. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 6 hadi 12 pamoja na jua hurudisha weupe, lakini vaa glavu, vua sehemu husika, kagua kila saa, na ile ya krimu ikikauka juu inaacha mabaka. Pia hufifisha rangi. Kama kifua kina alama zilizopakwa, mimi ningekiacha njano. Weupe wenyewe haudumu.

Kwenye mapitio, pima urefu kutoka wayo hadi utosi, pembe na nywele usihesabu. Mtu wa sentimita 183 kwa 1:12 ni sentimita 15.25. Figa za DC za kampuni ya McFarlane ni inchi 7, karibu sentimita 18, kwa hiyo zikisimama na Marvel Legends za inchi 6 zinaonekana majitu. Usipoandika kipimo, msomaji ataona picha na kudhani yule wa Marvel ni kibeti. Na taja kila ulichorekebisha.

Kabati_la_Juu
Asanteni. Goti sasa linakunjika, ila pembeni mwa pini ya chini kuna mstari mweupe wa milimita mbili.

Fundi Pini
Huo ni mpauko niliousema. Usipashe tena wala kuweka mafuta. Pini ya chini ibaki pale ilipo, mkunjo uupate kwa pini ya juu. Kwenye picha za kuchuchumaa, mguu wa kushoto ndio ukunjwe.