Binti yangu anafuta majibu sahihi kwa makusudi: arushwe darasa, ahamishwe shule au abaki?

Mama Binti:
Wakuu, habari zenu. Naombeni ushauri, hasa walimu na wazazi wenye watoto wa aina hii.

Binti yangu ana miaka 8, yuko darasa la tatu. Hesabu za darasa la tano anazifanya bila kufundishwa na mtu. Siku hizi kila asubuhi ya shule tumbo linamuuma, wikendi mzima kabisa. Juzi nimefungua daftari lake nikakuta makosa mengi, lakini ukitazama vizuri chini ya kila kosa unaona jibu sahihi limefutwa kwa ufutio. Nilipomuuliza akasema, "Nikipata zote wananisema."

Mwalimu wa darasa anashauri arushwe moja kwa moja hadi la tano. Baba yake anataka shule maalumu ya wenye vipaji. Mimi nahofia upweke kati ya wakubwa. Nifanyeje?

Mtu wa Pwani:
Dada, mwache na rika lake. Utoto haurudi, na akili haiozi.

Mwl. Hesabu:
Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Mtoto anayefuta jibu sahihi ameshaanza kujificha. Akiachwa hivyo atazoea.

Dada, kabla ya kuchagua shule, jua kwanza kiwango chake. Mitihani ya la tatu haitakuonyesha, maana anayelijua somo vizuri na aliyelipita mbali wote wanapata 100. Mpe mtihani wa mwisho wa mwaka wa la nne, kisha wa la tano, somo kwa somo. Profesa Julian Stanley wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, katika mradi wake ulioanza 1971, aliwapa watoto wa miaka 12 na 13 mtihani wa SAT, ambao ni wa vijana wanaojiandaa kwenda chuo. Watoto waliokuwa wote vinara madarasani mwao wakaachana mbali sana.

Mara nyingi utakuta hesabu ziko juu lakini uandishi uko palepale na wenzake. Ikiwa hivyo, aende la tano kwa kipindi cha hesabu tu, kisha arudi kwa rafiki zake. Mwanahisabati Terence Tao akiwa na miaka 8 alisoma baadhi ya masomo sekondari na mengine shule ya msingi. Mwaka 2006 alipata Medali ya Fields, tuzo kubwa kabisa ya hisabati.

Mama Binti:
Asante sana mwalimu. Na kama yote yako juu?

Mwl. Hesabu:
Basi arushwe, ila darasa moja kwanza, kwa majaribio ya wiki kadhaa, na yeye mwenyewe awe ameridhia. Mwalimu anayempokea naye awe anamtaka. Tafiti nyingi kuhusu kurusha darasa hazijaona kwamba watoto hawa kwa jumla wanaharibikiwa kihisia au kukosa marafiki.

Baba Pacha:
Kuhusu shule maalumu, waulizeni jambo moja: mtoto akishalijua somo, anapewa lipi? Wakijibu "mazoezi zaidi", mtalipa ada kwa uchovu uleule.

Na akikosa nafasi kwenye usaili, msimwambie hana kipaji. Mwanasaikolojia Lewis Terman alipochuja watoto wa California kuanzia 1921 kwa kipimo cha akili, akitafuta wenye vipaji, William Shockley na Luis Alvarez waliachwa nje. Wote walipata Nobeli ya fizikia, 1956 na 1968.

Mama Binti:
Mbarikiwe. Kesho naomba karatasi za la nne na la tano shuleni. Nimwambie ni mtihani au mazoezi?

Mwl. Hesabu:
Mwambie ukweli: mengine hujafundishwa, tunatafuta pa kuanzia kukufundisha. Na akikosa swali usimpe pole, muulize alifikaje kwenye jibu hilo. Kwake huenda ikawa mara ya kwanza kukutana na swali gumu, kwa hiyo kaa naye karibu.