Mtoto asiyeona anaenda sekondari jumuishi: Perkins, Orbit Reader, kompyuta au simu?

mama_wa_wawili
Habari wakuu. Binti yangu haoni tangu kuzaliwa. Darasa la saba kamalizia shule yenye kitengo cha wasioona, na nukta nundu, maandishi ya kusoma kwa vidole, anaisoma haraka kuliko mimi ninavyosoma gazeti. Sasa kapangiwa sekondari ya bweni, shule jumuishi, mwalimu wa elimu maalum ni mmoja tu. Tumechangishana ukoo mzima, pesa iliyopatikana inatosha kifaa kimoja kikubwa, si viwili. Mwalimu wake wa zamani anasema Perkins, ile mashine ya chuma ya kuandikia nukta nundu, na si kingine. Mjomba wake anasema kompyuta. Mimi mwenyewe nimeiona Orbit Reader, kifaa cha kielektroniki cha kusoma na kuandika nukta nundu, mtandaoni nikaitamani. Mdogo wangu naye anashikilia kuwa simu inatosha kwa sababu inasema. Nawaomba mliotumia, mnilinganishie vitu hivi bila ushabiki.

Mwl_Kitengo
Pole kwa majukumu, mama, na hongera kwa binti. Mimi ni mwalimu wa wasioona, nimesomea chuo cha ualimu wa elimu maalum cha Patandi, kwa hiyo jua mapema ninaegemea wapi.

Perkins haijabadilika sana tangu ilipoanza kutengenezwa mwaka 1951. Vitufe sita vya nukta, cha nafasi, cha kurudi nyuma na cha kushuka mstari. Haitaki umeme wala chaji. Anachoandika mtoto anakigusa papo hapo, akikosea anajua. Mstari unabeba hadi alama 42, kwa hiyo jedwali au hesabu ya kupanga wima inakaa vizuri. Na mtihani wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, wanafunzi wetu wanaufanya kwa mashine hii. Wanaongezewa dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, lakini dakika hizo hazimsaidii mtoto aliyekaa miaka minne bila kuigusa Perkins. Vidole vinasahau.

Kero zake nazijua. Ina karibu kilo tano, kuihamisha darasa hadi darasa ni kazi. Ina kelele, wapo walimu wanaomwambia mtoto asubiri wamalize kuongea ndipo aandike! Inakula karatasi nene ambazo dukani hazipatikani kirahisi. Mpya inapita dola 700 kabla hujalipia usafirishaji.

nukta_sita
Mwalimu, shikamoo. Umeruka kero kubwa kuliko zote: nani atasoma alichoandika?

Mimi sioni, niko chuo mwaka wa mwisho, sekondari nilisoma jumuishi. Mwalimu wa Historia hajui nukta nundu. Wa Biolojia hajui. Kazi zetu zote zilipelekwa kwa mwalimu mmoja wa kitengo, aandike kwa kalamu ya wino juu ya kila mstari wa nukta ndipo mwenye somo asahihishe. Daftari likirudi mada imeshapita, wenzako wameshafanya masahihisho, wewe ndiyo kwanza unajua ulikosea wapi.

Kompyuta inaondoa hilo. Unaandika, mwalimu anasoma kwenye skrini au anachapa, maksi zako unazipata pamoja na wenzako. Programu ya kusoma skrini ni NVDA, ya bure, ilianzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Usikubali mtu akuuzie JAWS, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, kwa ajili ya kidato cha kwanza, leseni yake ni ghali. Ndani ya NVDA kuna sauti za eSpeak, na Kiswahili kimo. Sauti ni ya kiroboti, wageni wakiisikia wanacheka, ila matamshi yanaeleweka. Kumbuka kuiweka kwenye Kiswahili. Ukiiacha kwenye Kiingereza, insha ya "Umuhimu wa maji" itasomwa hadi ushindwe kujua ni lugha gani.

Jambo jingine, vitabu. PDF nyingi zinazozunguka WhatsApp ni picha za kurasa. NVDA ikifika hapo inanyamaza au inasema hakuna kitu. Kwenye Windows 10 kwenda juu unabonyeza Insert na R, inajaribu kuzitambua herufi zilizo kwenye picha. Ukurasa uliopigwa vizuri unasomeka, uliopigwa na kivuli cha mkono hausomeki.

Mwl_Kitengo
Marahaba mwanangu. Hiyo ya kuandika juu ya mistari ndiyo kazi yangu ya kila usiku, sibishi. Lakini mtoto anayesikia tu hajui "kwa hiyo" inaandikwa pamoja au mbalimbali. Wapo wanaofika kidato cha tatu wanaandika "kwahiyo", "kwasababu", kwa kuwa sikioni yote ni sauti moja. Kusoma kwa vidole hakuna mbadala.

nukta_sita
Hapo nakubali. Ila hata wanaoona wanaandika "kwahiyo" 😄

Mwakio_Pwani
Salamu kutoka Mombasa. Hamjamjibu mama kuhusu Orbit Reader na kwetu iko kwa shule kadhaa, Kilimanjaro Blind Trust Africa ya Nairobi wamezisambaza. Nimefunza nayo, kwa hivyo nieleze ilivyo.

Ni kijisanduku chenye uzito usiofika nusu kilo. Mbele kuna safu ya seli 20, yaani nafasi 20 za herufi, ndani ya kila seli nukta zinapanda na kushuka zenyewe. Juu yake kuna vitufe vya kuandikia vilivyopangwa kama vya Perkins, mtoto aliyezoea Perkins haanzi upya. Vitabu vinakaa kwa kadi ya kumbukumbu. Kitabu kimoja cha kiada kikichapwa kwa nukta nundu kinakuwa majuzuu ya kujaza rafu, humu vinaingia kadhaa na mtoto anatembea navyo mfukoni. Kelele yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya Perkins, hivyo darasani haimsumbui mtu. Na inaunganishwa kwa Bluetooth na simu au tableti: mtoto anaandika kwa nukta, mwalimu anaona herufi za kawaida. Ile shida ya nani atasoma, na ile ya mwalimu kuhusu tahajia, zote zinapata jibu kwa mpigo.

Sasa ubaya. Mstari ni mmoja tu, seli 20. Shairi utasoma, jedwali la Jiografia litakutoa jasho. Vumbi na jasho la vidole vinaingia kwa nukta, moja inakwama, na nukta moja ikikwama herufi imekuwa nyingine. Ikiharibika, fundi wa redio usimpelekee. Na kabla hujalipa, uliza shule: vitabu vya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, vya kidato cha kwanza mtampa kama faili? Bila faili umenunua rafu isiyo na vitabu.

chuma_cha_pua
Mnamchosha mama. Simu ya Android, washa TalkBack inayosoma skrini, weka sauti ya Kiswahili ya Google, kazi imeisha. Nusu ya bei, na sauti yenyewe ni ya binadamu kuliko hiyo ya roboti.

mama_wa_wawili
Kaka asante, ila fomu ya kujiunga imeandikwa kwa wino mzito: simu hairuhusiwi, ikikamatwa inavunjwa.

chuma_cha_pua
Basi aiombee kibali mkuu wa shule, ni kifaa cha kusomea.

Mwl_Kitengo
Kibali kinaweza kupatikana, lakini bwenini simu moja kati ya wasichana wengi haikai salama, na kila mmoja atataka kumpigia mama yake. Iwe ya likizo.

baba_Neema
Samahani natoka nje kidogo. Wanangu wana ualbino. Shule moja ilimkalisha mkubwa kwenye kitengo akafundishwa nukta nundu, na macho yake yanasoma! Alikuwa anainamia karatasi kuzisoma nukta kwa macho. Alichohitaji ni kioo cha kukuza, kidarubini cha kusomea ubao, kukaa mbele lakini mbali na dirisha lenye mwanga, na karatasi za maandishi makubwa. Vyote hivyo havifiki bei ya Perkins. Wanaosoma uzi huu, mpimeni mtoto kwanza.

Mwl_Hesabu
Nawaona mnabishana vifaa vya kusoma na kuandika tu. Hisabati? NVDA ikikutana na sehemu au kipeuo kilichobandikwa kama picha haina la kusema. Mimi naenda na abakasi, fremu ya shanga za kuhesabia, na ubao wa Taylor wa kuandikia hesabu, ule wenye vishimo na pini ndogo za kuzungusha. Maumbo nayatengeneza: uzi wa kushonea na gundi juu ya kadibodi, pembetatu ikikauka mtoto anaizungukia kwa kidole, naweka nukta za A, B, C kwenye pembe. Gharama yake karibu na bure. Tatizo ni mwalimu anayesema "kama mnavyoona hapa ubaoni" kipindi kizima. Kwa huyo hata Orbit haisaidii.

fundi_mashine
Kama utaangukia Perkins, tafuta iliyotumika, ni chuma hasa, ya zamani inadumu. Ukienda kuikagua, weka karatasi, bonyeza vitufe vyote sita kwa pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mstari. Pitisha kidole: nukta zote ziwe na kimo kimoja. Safu ikififia, pini imechoka au imepinda. Sikiliza kengele karibu na mwisho wa mstari. Kisha shusha mistari kadhaa uone kama nafasi zinalingana. Usiipulizie mafuta ya kupikia, nimekuta hilo zaidi ya mara moja.

mama_wa_wawili
Nimepiga simu shuleni. Perkins wanazo, za kushirikiana, na zipo zinazotosha wakati wa mtihani. Kishikwambi mwalimu wa kitengo anacho, wale waligawiwa vile vya sensa ya 2022. Faili za vitabu, mtaaluma kaniambia "tutaangalia". Kwa jibu hilo Orbit naiacha kwa sasa. Naelekea kwenye kompyuta iliyotumika, spika za masikioni, pamoja na sleti, kile kibao cha kutobolea nukta kwa mkono, na kalamu yake ya chuma. Mwalimu, nimepotea?

Mwl_Kitengo
Hujapotea, ingawa mimi ningeanza na Perkins yake mwenyewe. Sleti isibaki nyumbani. Kuandika kutoka kulia kwenda kushoto kunachosha, lakini umeme ukikatika saa ya kujisomea ndiyo itakayombeba. Na mwambie aende na karatasi nene zake, za shule huisha mapema.

nukta_sita
Mama, kompyuta chukua yenye kibodi ambayo vitufe vya F na J vina vinundu, na betri inayokaa angalau vipindi viwili. Weka NVDA leo hii hii, hata kwenye kompyuta ya jirani. Likizo ni ndefu, afike shule anaandika bila kutafuta herufi. Nikimaliza mitihani naweza kumfundisha kwa simu, nitumie ujumbe wa faragha.

mama_wa_wawili
Nimekutumia. Yupo hapa pembeni, anauliza kama hiyo sauti ya roboti inaweza kuongezwa kasi.

nukta_sita
Inaongezwa hadi wewe mama usisikie neno hata moja. Atafurahi.