Mjadala: Kotabeki akianguka NFL, tumlaumu kijana au timu iliyomchagua?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naweka mada hii mezani kwa sababu kila ifikapo Aprili tunarudia kosa lilelile, nami nimechoka kulinyamazia.

Kwa asiyefuatilia mpira wa Kimarekani: drafti ya NFL, ligi kuu ya mpira huo, si ule mchezo wa kete tunaocheza kibarazani. Ni siku tatu ambazo timu 32 hupokezana zamu kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni, na kwa kawaida iliyovurunda zaidi msimu uliopita ndiyo inayoanza. Anayegombewa kuliko wote ni kotabeki, yule anayeanzisha shambulizi mpira ukiwa mikononi mwake, mwenye sekunde chache tu za kuamua ampasie nani kabla hajaangushwa. Kabla ya siku hiyo vijana huitwa Indianapolis kupimwa: urefu, uzito, mbio za yadi 40, hata kiganja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Mwaka 2022 Kenny Pickett alisemwa na kila mchambuzi kwa sababu kiganja chake kilikuwa inchi 8.5.

Hoja yangu ni hii: kijana anapimwa mpaka kucha, lakini timu itakayompokea haipimwi na mtu. Na timu ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi katika kuamua atakavyokuwa.

Chukueni mwaka 2018. Makotabeki watano walichaguliwa raundi ya kwanza. Baker Mayfield wa 1, Cleveland. Sam Darnold wa 3, Jets ya New York. Josh Allen wa 7, Buffalo. Josh Rosen wa 10, Arizona. Lamar Jackson wa 32, nafasi ya mwisho kabisa ya raundi hiyo, Baltimore. Waliokuja kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi ni wawili: Allen, ambaye chuoni Wyoming alikamilisha pasi kama 56 tu katika kila 100, na Jackson, ambaye Bill Polian, meneja mzoefu aliyeijenga Colts, alisema hadharani kuwa afadhali abadilishwe nafasi awe mpokeaji wa pasi. Rosen, aliyesifiwa kuwa mrushaji aliyeiva kuliko wenzake, alidumu Arizona msimu mmoja. Kocha akafukuzwa, akaja mwingine na kotabeki wake moyoni, wakamchagua Kyler Murray wa 1 mwaka 2019, na Rosen akauzwa Miami.

Sasa tazameni Allen alikutana na nini. Mwaka wake wa kwanza alikamilisha asilimia 52.8 ya pasi. Timu nyingine zingeanza kumtafuta mrithi. Buffalo walimwacha na kocha yuleyule, na mratibu yuleyule wa mashambulizi, Brian Daboll, kwa misimu minne, na mwaka 2020 wakamnunulia mpokeaji wa maana, Stefon Diggs. Mwaka huo akafikisha asilimia 69.2. Jackson naye: Baltimore walilipanga upya shambulizi lao lote liendane na miguu yake, na 2019 akachukua tuzo kwa kura zote. Sasa niambieni, kipimo gani cha Indianapolis kingeyaonyesha hayo?

Niwape na langu. Usiku wa drafti ya 2021 ilikuwa Ramadhani. Kwetu Tanga ilikuwa imeshapita saa tisa usiku, tumekaa sebuleni na kaka yangu, sinia la daku katikati, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Jets wakamtaja Zach Wilson, wa 2. Kaka akafurahi mno, akairudisha ile video ya Machi tuliyokwisha itazama mara nyingi, ya siku ya maonyesho chuoni kwake BYU. Wilson anakimbilia kushoto, mwili wote umeelekea kushoto, halafu anageuza bega na kuurusha mpira kinyume cha mbio zake, unapaa mbali, unatua mikononi mwa mwenzake. Nikamwambia, kaka, rudisha tena, safari hii usiufuate mpira. Tazama nani anamkimbiza. Hakuna. Hapana beki hata mmoja humo. Kurusha vile wakati hakuna anayekuja kukuvunja mbavu ni jambo moja, na kurusha huku ukuta wako wa mbele, wale wanaokukinga, umeshabomoka ni jambo jingine kabisa. Misimu mitatu baadaye Jets walimuuza Denver.

Karibuni. Anayeona nimekosea aje na mifano, si kejeli.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nimekusoma vizuri na nakuheshimu, lakini unawabebesha watu mzigo usio wao.

Mwaka 1998 Peyton Manning alichaguliwa wa 1, Ryan Leaf wa 2, na wapo waliosema tofauti yao ni ndogo. Manning alienda Colts, timu mbovu. Mwaka wa kwanza alirusha pasi 28 zilizonaswa na wapinzani, na hakuna kotabeki mwingine wa mwaka wa kwanza aliyewahi kufikia idadi hiyo. Wakashinda mechi 3, wakapoteza 13. Mwaka uliofuata wakashinda 13! Leaf naye alizama na hakuinuka tena. Wote wawili walianzia pabaya. Kilichowatenganisha kilikuwa ndani yao.

Halafu kuna Trey Lance, ambaye sijui kwa nini umemruka. San Francisco walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza ili wamchague wa 3 mwaka huohuo 2021 wa daku yenu. Kocha ni Kyle Shanahan, timu imekamilika kila idara. Kaumia, kapona, mwishowe kauzwa Dallas kwa nafasi moja ya raundi ya nne. Na aliyechukua namba yake ni Brock Purdy, mtu wa 262, wa mwisho kabisa katika drafti ya 2022, akawafikisha Super Bowl, fainali ya ligi. Nyumba ileile, kocha yuleyule, wapokeaji walewale. Ungekuwa sahihi, Lance angefanikiwa.

Mchangiaji wa pili

Nyote wawili mnazungumza kana kwamba jicho la mpimaji halina upendeleo. Warren Moon alimaliza chuo cha Washington akiwa ameshinda Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, na mwaka 1978 hakuna timu hata moja iliyomchagua. Kotabeki mweusi enzi hizo alikuwa akiambiwa acheze nafasi nyingine. Alikataa, akaenda Kanada, akatwaa ubingwa mara tano na Edmonton, ndipo NFL ikamfungulia mlango mwaka 1984. Leo yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Aliyoambiwa Lamar 2018 yana ukoo na hayo, na mimi siwezi kuyaita makosa ya kipimo tu.

Jambo la pili, hesabuni mechi. Kati ya walioyumba, Mitchell Trubisky alianza mechi 13 tu chuoni, Anthony Richardson 13, Lance 17. Jayden Daniels alianza 55, Bo Nix 61, na wote wawili walizifikisha timu zao kwenye hatua ya mtoano mwaka wao wa kwanza, 2024. Kijana aliyecheza sana umeshamwona akifungwa, akizomewa, akirudi wiki inayofuata. Aliyecheza mechi 13 unambahatisha.

Mleta mada anajibu

Ndugu yangu wa pili, la Moon nalipokea lote, na nakiri sikulipatia nafasi yake. La mechi pia lina nguvu, ingawa Cam Newton alianza mechi 14 tu pale Auburn na bado akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015. Ningelitumia kama onyo, si kama sheria.

Mkuu wa kwanza, kwa Lance umenibana na sitajitetea. Timu ilikuwa nzuri na kijana hakufika. Wapo wasiofika popote utakapowapeleka.

Lakini kwa Manning, hebu rudi uangalie tena. Baada ya pasi zile 28 zilizonaswa, nani alifukuzwa? Hakuna. Jim Mora alibaki kuwa kocha mkuu. Tom Moore, aliyekuwa akiongoza mashambulizi, alikaa naye zaidi ya miaka kumi, lugha ileile, ishara zilezile, na Marvin Harrison akipokea upande mmoja. Colts ilikuwa mbovu kwenye matokeo. Kwenye uvumilivu haikuwa mbovu hata kidogo. Mlinganishe na Mayfield pale Cleveland: makocha wakuu wanne ndani ya misimu mitatu ya kwanza. Baadaye tumemwona Tampa akitulia na kushinda. Darnold naye, aliyepigiwa kelele New York kana kwamba hajui kurusha, alishinda mechi 14 na Minnesota mwaka 2024. Mkono ni uleule.

Na kuna mfano mmoja ambao kila nikiukumbuka roho inauma. Mwaka 2023 Carolina walitaka nafasi ya 1 ili wamchague Bryce Young. Katika malipo waliyoipa Chicago alikuwamo DJ Moore, mpokeaji wao bora. Yaani walimtoa mtu ambaye kijana angempasia ili wampate kijana wa kupasi! Young akaangushwa na mpira mkononi mara 62 msimu ule, kocha akafukuzwa baada ya mechi 11, na timu ikashinda 2. C.J. Stroud, ambaye siku chache kabla ya drafti matokeo yake mabaya ya kipimo cha wepesi wa akili yalivujishwa, alichukuliwa wa 2 na Houston. Huko alimkuta Laremy Tunsil akimlinda upande asiouona, akawa mchezaji bora wa mwaka wa kwanza upande wa mashambulizi, na timu ikaongoza kundi lake. Tangu lini urefu wa Young ndio ulioangusha ukuta wa Carolina? Na Houston hiyohiyo, mwaka 2002 ikiwa timu mpya, ilimchagua David Carr wa 1, akaangushwa mara 76 msimu wake wa kwanza, rekodi ambayo hadi leo haijavunjwa. Hata Manning angetoka mle anachechemea.

Sisemi tuache kuwapima vijana. Nasema Aprili ijayo, mtu akileta jina la kotabeki hapa na inchi za kiganja chake, atuletee na haya: kocha amebakiza miaka mingapi kwenye mkataba, waratibu wangapi wamepita timuni ndani ya miaka mitatu, na kotabeki aliyekuwapo aliangushwa mara ngapi msimu uliopita. Nitaanza mimi, na Chicago. Mwaka 2024 Caleb Williams aliangushwa mara 68. Nani anafuata?