Tupeane uzoefu: mliopigwa mionzi baada ya kukatwa titi, mlijiandaaje?

MamaPacha_Tabata:
Wapendwa, habari za humu. Nimekatwa titi la kushoto kwa saratani, pamoja na tezi za kwapani. Kemo, zile dawa kali za saratani, nilimaliza kabla ya upasuaji, kidonda kimefunga, jana daktari kasema sasa ni zamu ya mionzi. Jumanne nina CT skani "ya kupangia". Nesi akaniambia, "Mama, nenda kajiandae," huku tayari anaita jina la mwingine. Nijiandae na nini? Nifunge kula? Ninywe maji mengi? Nyumbani kila mtu ana lake: mama mkwe anasema nisiwashike pacha mpaka nimalize, dada yangu anasema nitababuka mpaka mgongoni. Mliopita huko njooni. Na watisha watu mje, nimeshawazoea.

kibibi_wa_Pangani:
Bega. Anza na bega leo leo, hata usimalize kusoma uzi huu.

BintiGeita:
Kibibi kanikumbusha mbali. Mimi nilijua nimepona kabisa: napika, nafua, kanisani naenda. Nikaingia kwenye hiyo CT nimesuka nywele, nimependeza. Wakanilaza kwenye kitanda kigumu kisicho na godoro, mgongoni ubao ulioinama kidogo, juu ya kichwa vishikio viwili. Kijana akasema, "Mama, peleka mikono yote miwili juu ya kichwa, shika hapo." Wa upande mzima ukaenda. Wa upande wa kidonda ukafika usawa wa bega, ukagoma. Nikausukuma. Kitu kikavuta kutoka kwapani hadi karibu na kiwiko. Ukitazama unakiona chini ya ngozi, kimesimama kama uzi wa gitaa. Nililia, na kwa kuwa nimelala chali machozi yote yakawa yanaingia masikioni, na siwezi kuyafuta.

Yule kijana hakunifokea, Mungu ambariki. Akanieleza kwamba mashine inapiga kifua kwa pembeni, mkono ukiwa chini unakaa njiani. Na hata nikiulazimisha leo, kila siku ya matibabu lazima nilale vile vile, mkono pale pale. Wakanirudisha nyumbani nikafungue bega kwanza. Huo ndio usiku wangu mbaya kuliko hata wa upasuaji, maana nilijiona nachelewa na ugonjwa unanisubiri.

Mtu wa fiziotherapia akanipa zoezi la ukutani. Unasimama unautazama ukuta, vidole vinapanda kidogo kidogo, ukifika mwisho unaweka alama ya chaki. Jioni wanangu wanakuja kukagua chaki ya mama imefika wapi, na kitinda mimba alikuwa ananipunja makusudi. Asubuhi na jioni, usiruke. Jumanne waulize kama unaweza kumeza panadol kabla ya kulala pale kitandani, mimi ilinisaidia.

NuruYaKilosa:
Ile kamba ya kwapani! Mimi nilidhani ni mshipa umekatika, nikanyamaza nayo. Kumbe inalegea kwa mazoezi.

fundi_wa_mionzi:
Nafanya kazi kwenye chumba hicho hicho, jina la hospitali mtanisamehe.

Mama Pacha, hiyo CT haitafuti ugonjwa upya. Ni ramani. Tunapiga picha ukiwa umelala vile utakavyolala siku zote, tunaweka alama kwenye ngozi, kisha daktari na mtu wa fizikia wanakaa na kompyuta wanapanga mionzi ipite wapi na ikwepe nini. Ndiyo maana huanzi siku hiyo hiyo. Kula tu kama kawaida, ila kama wamekwambia utachomwa dawa ya picha, uliza. Kama kuna maji yamejikusanya chini ya kidonda, sema kabla ya picha, maana yakikauka baadaye kifua kinabadilika umbo na ramani inakuwa ya mtu mwingine. Na kama kuna uwezekano wowote wa mimba, sema mapema.

Titi la kushoto moyo uko jirani. Baadhi ya vituo vitakuelekeza kuvuta pumzi na kuishikilia ili moyo usogee mbali na mionzi. Jizoeze nyumbani: vuta, shikilia huku unahesabu polepole mpaka ishirini, achia.

Idadi inategemea mpango wako. Wengi siku hizi ni mara 15 kwa wiki tatu, Jumatatu hadi Ijumaa. Wengine mara 25, na wapo wa kuongezewa chache. Kila mara ni dakika chache, nyingi zinaishia kwenye kukupanga. Utabaki peke yako chumbani lakini tunakuona na kukusikia. Haiumi.

Pacha wabebe. Mionzi hii inatoka kwenye mashine, mashine ikizimwa imekwisha, huondoki nayo nyumbani. Mwambie mama mkwe kwa heshima zote.

Dokta_Mitishamba:
Jirani yangu alipigwa mionzi akafa. Chukua shubiri mwitu, mwarobaini na asali, asubuhi vijiko viwili. Namba yangu ipo inbox.

BintiGeita:
Na jirani yangu alikunywa mwarobaini akafa. Tutahesabiana majirani mpaka lini?

fundi_wa_mionzi:
Dawa yoyote ya kunywa, ya mti au vidonge vya vitamini vya dozi kubwa, mwambie daktari kabla ya kuanza.

Salma_wa_Ilala:
Mimi la ngozi. USIPAKE KITU. Deodoranti marufuku, pafyumu marufuku, mafuta marufuku. Niliambiwa na daktari mwenyewe.

Dada_Mtulivu:
Salma, hayo ya deodoranti ni ya zamani. Mimi niliambiwa kama ngozi haijachubuka ruksa, ila isiwe ya manukato makali. Na losheni isiyo na harufu nilipaka tangu siku ya kwanza.

Salma_wa_Ilala:
Kwa hiyo daktari wangu muongo?

Dada_Mtulivu:
Sijasema muongo. Nimesema zamani.

Salma_wa_Ilala:
Mimi nimemaliza mwaka jana, dada. Mwaka jana ni zamani?

kibibi_wa_Pangani:
Fuateni mnakotibiwa, kila kituo kina utaratibu wake. Mimi nilioga maji ya vuguvugu, sabuni ya mtoto, nikajikausha kwa kugandamiza kanga laini iliyofuliwa mara nyingi, siyo kusugua. Sidiria ya waya niliiweka kabatini. Na Mama Pacha ujue, ngozi inaweza kuwa mbaya zaidi wiki moja au mbili BAADA ya kumaliza. Mimi nilishasherehekea, ndipo ikaanza kuchubuka chini ya kwapa.

Mwanahawa77:
Hizo alama alizotaja fundi zimenikumbusha shangazi wa mume wangu, nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Mimi nilichorwa kwa wino, mistari na misalaba midogo, juu yake plasta ya kuonyesha ndani. Shangazi kaja kutoka Korogwe kuniuguza. Mgongo sifikii, ananiogesha yeye. Siku ya kwanza anavua kanga, kimya. Kisha, "Nani kakuchora?" Nikamwambia hospitali. "Hospitali gani inamchora msalaba kifuani mtoto wa Kiislamu?" Namweleza ni alama za mashine, anaitikia "haya mwanangu, haya," huku ananipaka povu usoni. Nimefumba macho, nasikia tu dodoki linatembea kifuani, na yeye anasoma dua. Nafungua jicho, plasta ziko kwenye beseni na msalaba mmoja umebaki nusu!

Nilipiga kelele mume akaja mbio akijua nimeanguka. Asubuhi tukaenda hospitali wote watatu, shangazi na baibui lake, kakaa kwenye benchi anamkodolea macho kijana wa mashine. Wakanipima upya, safari hii wakaniwekea vidoti vya sindano visivyofutika, vidogo hata mimi navitafuta. Shangazi akauliza, "Hivi ni vidoti tu? Havina sura ya kitu?" Akaambiwa ni vidoti tu. Akaridhika.

NuruYaKilosa:
Nimelowesha simu kwa chai. Shangazi yu hai?

Mwanahawa77:
Hai na nguvu zake. Baada ya hapo alikuwa mlinzi, hata mume haruhusiwi kugusa kifua.

Pendo_wa_Yesu:
Msalaba wetu umewakosea nini lakini?

Mwanahawa77:
Ah dada, si mimi, ni shangazi!

Kaka_Mdadisi:
Sehemu ya pili ya shangazi tafadhali. Alirudi lini Korogwe?

Salma_wa_Ilala:
Turudi kwenye mada, kuna mtu ana Jumanne.

Mzee_wa_Feri:
Nichepushe kidogo. Mimi ni mwanaume na nimekatwa titi. Inasemekana katika wagonjwa 100 wa saratani hii mwanaume ni kama mmoja, basi huyo mmoja ndiye anayeandika. Karani anaita jina langu, anawatazama kina mama, anaita tena, mimi nimesimama mbele yake. Ushauri wangu: wembe usipite kwapani wala kifuani kipindi hicho. Na kwa wanaume wenzangu, uvimbe nyuma ya chuchu si jipu. Mimi nililikanda kwa maji ya moto miezi.

kibibi_wa_Pangani:
Pole sana baba. Umefanya vizuri kusema.

Mutheu_Machakos:
Huku Kenya maandalizi yangu yalikuwa nauli. Nilikuwa napanda matatu kwenda Nairobi Jumatatu hadi Ijumaa. Hesabu pesa ya wiki zote kabla ya kuanza, si ya siku moja, maana kuruka siku ovyo wanakataa. Na begi la mkanda libebe upande mzima. Uchovu wangu ulikuja mwishoni, mwanzo nilikuwa hata nalima.

BintiGeita:
Kweli. Na walioko Kanda ya Ziwa waulize kwanza hospitali ya Bugando, Mwanza, si lazima kila mtu akimbilie hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar.

MamaPacha_Tabata:
Asanteni, nimesoma yote, hata ya shangazi mara mbili. Mkono unafika sikioni, chaki nimeshanunua. Mama mkwe nimemsomea maneno ya fundi, kasema atafikiria. Swali la mwisho: Jumanne nivae nini? Nina gauni la vifungo mbele na nina dera.

NuruYaKilosa:
Dera. Unavua mara moja.

Dada_Mtulivu:
Dera hapana! Ukivua dera umebaki na nini? Blauzi ya vifungo na sketi. Juu tu ndiko wanakotaka.

Salma_wa_Ilala:
Leo nakubaliana na Mtulivu. Na ubebe kanga, kile chumba kina baridi kali.